Maandalizi ya Maswali ya Insha katika Mtihani wa Cheti cha Ualimu Daraja la A nchini Tanzania: Kutoka Kukariri hadi Kujenga Hoja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwalimu tarajali anavyoweza kujiandaa kujibu maswali ya insha katika mtihani wa Cheti cha Ualimu Daraja la A. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba watahiniwa wengi hawapotezi alama kwa kukosa maarifa. Huzipoteza kwa kutotii kitenzi kinacholiongoza swali na kwa kuacha hoja bila ufafanuzi wala mfano wa darasani. Makala yanaonesha namna ya kulisoma swali, kuijenga aya, kuzitumia istilahi za taaluma kwa usahihi na kuugawa muda. Mwishoni yanajadili pingamizi kwamba insha haiwezi kumpima mwalimu.

Istilahi za msingi: insha, kitenzi elekezi, hoja, mwalimu tarajali, upimaji endelevu

1.0 Utangulizi

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, ndicho chombo chenye dhamana ya kuendesha mitihani ya taifa, ikiwemo ile ya ualimu katika ngazi ya cheti na stashahada. Kwa miaka mingi, Cheti cha Ualimu Daraja la A kimekuwa ndiyo njia kuu ya kuwapata walimu wa shule za msingi. Mafunzo yake yametolewa kwa kiasi kikubwa kwa lugha ya Kiswahili, tofauti na stashahada ambayo lugha yake kuu ni Kiingereza. Kwa sababu hiyo, insha ya mtihani huu ni mojawapo ya sehemu chache ambamo Kiswahili hutumika kupima fikra za kitaalamu katika kiwango cha juu ya elimu ya msingi.

Mpangilio wa karatasi hubadilika kadiri mihtasari inavyohuishwa. Hata hivyo, katika mpangilio uliozoeleka kwa masomo mengi, sehemu ya kwanza huwa na maswali mafupi yenye jumla ya alama 40, na sehemu zinazofuata huwa na maswali ya insha yenye jumla ya alama 60, ambapo mtahiniwa huchagua na kujibu manne ya alama 15 kila moja. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya matokeo ya mtahiniwa huamuliwa na uwezo wake wa kuandika kwa mtiririko. Pamoja na uzito huo, maandalizi ya wanachuo wengi huelekezwa katika kukariri vitini na majibu yaliyokwisha kuandikwa, na uandishi wenyewe haufanyiwi mazoezi.

2.0 Kile Kinachopimwa na Swali la Insha

Swali fupi huuliza kama mtahiniwa anakumbuka. Swali la insha huuliza kama anaweza kukitumia anachokikumbuka. Tofauti hii inaeleweka vizuri kwa kurejelea ngazi za utambuzi zilizowasilishwa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, ambazo huanzia maarifa na ufahamu, hupitia matumizi na uchanganuzi, na kufikia usanisi na tathmini. Mwalimu tarajali hufundishwa ngazi hizi ili atunge maswali ya wanafunzi wake. Ni nadra kukumbushwa kwamba maswali anayoulizwa yeye mwenyewe yametungwa kwa kufuata ngazi zizo hizo.

Anayelitambua jambo hili hubadili namna yake ya kusoma. Anapopitia mada ya nadharia za ujifunzaji, haishii kuandika kwamba Piaget alizungumzia hatua za ukuaji wa kiakili na kwamba Vygotsky alisisitiza mahusiano ya kijamii. Hujiuliza nadharia hizo zinamwambia nini mwalimu wa Darasa la Pili anayefundisha kuhesabu, zinatofautiana wapi, na zikitumika katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache zitakumbana na kikwazo gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo malighafi ya insha.

3.0 Kulisoma Swali: Kitenzi Elekezi

Kila swali la insha lina kitenzi kinachoamuru kazi inayotakiwa. Katika makala haya kitenzi hicho kinaitwa kitenzi elekezi. Vitenzi vinavyojitokeza mara kwa mara ni hivi vifuatavyo:

(a) Eleza au fafanua: toa maana ya jambo, lipambanue na ulitolee mifano.

(b) Linganisha na tofautisha: weka mambo mawili au zaidi kwenye kigezo kimoja, kisha uoneshe yanapofanana na yanapoachana. Kueleza jambo la kwanza peke yake na la pili peke yake si kulinganisha.

(c) Changanua: ligawe jambo katika sehemu zake na uoneshe uhusiano uliopo kati ya sehemu hizo.

(d) Jadili: toa hoja, zipime kwa kuonesha nguvu na mipaka yake, kisha uwe na msimamo.

(e) Tathmini: toa hukumu kuhusu mafanikio au thamani ya jambo kwa kutumia kigezo kinachotajwa waziwazi.

Mfano wa swali la Misingi ya Elimu unaweza kulidhihirisha jambo hili. Tuchukulie kwamba mtahiniwa anatakiwa kutathmini utekelezaji wa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea katika shule za msingi. Mtahiniwa aliyekariri ataanza na mwaka 1967, atamtaja Mwalimu Nyerere, kisha ataorodhesha madhumuni ya falsafa hiyo moja baada ya jingine. Yote aliyoyaandika yanaweza kuwa sahihi, lakini hakuulizwa hayo. Ameeleza mahali alipotakiwa kutathmini.

Anayetii kitenzi elekezi huanza kwa kutafuta kigezo. Falsafa hiyo ilikosoa elimu iliyomtenga msomi na jamii yake na kudharau kazi za mikono. Kigezo kinaweza basi kuwa swali hili: je, kazi za shuleni zilifungamanishwa na ujifunzaji? Kwa kigezo hicho, shamba la shule ambalo wanafunzi wanapima eneo lake, wanaweka kumbukumbu za mavuno na kukokotoa gharama zake linahesabiwa kuwa mafanikio. Shamba ambalo wanafunzi wanalima tu, bila somo lolote kuhusishwa nalo, linahesabiwa kuwa kasoro, hata kama mavuno yake ni mengi. Ukweli uliokaririwa umebaki uleule, lakini sasa unafanya kazi iliyoagizwa na swali.

Zoezi linalopendekezwa ni kuchukua mada moja na kuitungia maswali matano, kila moja na kitenzi chake, kisha kuandika mpango wa hoja kwa kila swali. Iwapo mipango yote mitano itafanana, hiyo ni dalili kwamba mwanachuo bado anakariri mada na hajajifunza kujibu swali.

4.0 Kuijenga Aya: Hoja, Ufafanuzi na Mfano

Aya moja ya insha ibebe hoja moja. Hoja hiyo itajwe katika sentensi ya kwanza, ifafanuliwe kwa kuonesha sababu au namna inavyofanya kazi, na ithibitishwe kwa mfano. Kwa madhumuni ya kujisahihisha, mwanachuo anaweza kuzigawa alama 15 za insha hivi: utangulizi alama 2, hoja nne zenye alama 3 kila moja, yaani alama 1 ya hoja, 1 ya ufafanuzi na 1 ya mfano, na hitimisho alama 1. Mgawanyo huu ni pendekezo la mwandishi kwa ajili ya mazoezi, si mwongozo rasmi wa usahihishaji. Hata hivyo, unafichua jambo la msingi: anayetaja hoja nne sahihi bila kuzifafanua hawezi kuvuka alama 7, hata utangulizi na hitimisho lake vikiwa kamili.

Tuchukue swali lililotungwa kwa ajili ya makala haya: “Jadili umuhimu wa upimaji endelevu katika ufundishaji wa Hisabati shule ya msingi.” Aya dhaifu inaweza kuwa hivi:

“Upimaji endelevu humsaidia mwalimu kujua uelewa wa wanafunzi. Hili ni jambo muhimu sana kwa sababu mwalimu akijua uelewa wa wanafunzi wake ataweza kufundisha vizuri na wanafunzi wataelewa.”

Sentensi ya pili inairudia ya kwanza kwa maneno mengine. Hakuna sababu iliyotolewa, na aya hiyo ingeweza kuhamishiwa katika somo lolote bila kubadilishwa neno. Hoja hiyohiyo ikijengwa kikamilifu inaweza kuwa hivi:

“Upimaji endelevu humwonesha mwalimu kwamba mwanafunzi amekosa na pia kwa nini amekosa. Jibu la mwanafunzi ni ushahidi wa njia aliyoifuata, na mwalimu anayelichunguza mapema hupata nafasi ya kuirekebisha dhana kabla haijaota mizizi. Kwa mfano, mwanafunzi wa Darasa la Tatu anayeandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35 hajabahatisha. Katika kila nafasi ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa: 7 kutoa 2, kisha 5 kutoa 2. Mwalimu akiligundua hilo katika zoezi la siku hiyo, atarudi kwenye mafungu ya vijiti kumi kumi na kufungua fungu moja liwe mamoja 10, ili mwanafunzi aone kwamba jibu ni 25. Kosa hilo likiachwa hadi mtihani wa muhula, litakuwa limekwisha kuwa mazoea.”

Aya hii haikuhitaji kitabu cha ziada. Ilihitaji mtu aliyelitazama daftari la mwanafunzi kwa makini. Hapa ndipo mazoezi ya kufundisha yanapokuwa sehemu ya maandalizi ya mtihani. Mwalimu tarajali anayeweka kumbukumbu fupi kila siku ya mazoezi hayo, akiandika kosa gani lilijitokeza, zana gani ilisaidia na mbinu gani ilishindwa, hurudi chuoni akiwa na hazina ya mifano ambayo hakuna kitini kinachoweza kumpa.

Kwa kuwa kitenzi cha swali ni “jadili”, insha isiishie kusifu. Aya mojawapo ioneshe mipaka: katika darasa lenye wanafunzi 80, mwalimu hawezi kusahihisha kwa kina kila daftari kila siku. Anaweza kuchagua madaftari machache kwa zamu, au kutumia maswali ya mdomo. Hoja ya namna hii humwonesha msahihishaji kwamba mwandishi anaijua hali halisi ya kazi yake.

5.0 Lugha na Istilahi

Kiswahili kuwa lugha ya mazungumzo ya kila siku kwa wanachuo wengi si dhamana ya kuandika insha ya kitaaluma. Makosa yanayogharimu zaidi ni ya istilahi. Baadhi ya watahiniwa huchanganya upimaji na tathmini, ilhali upimaji hukusanya taarifa na tathmini hutoa hukumu kwa kutumia taarifa hizo. Wengine huchanganya azimio la kazi, ambalo hupanga mada kwa muhula au mwaka, na andalio la somo, ambalo hupanga kipindi. Wengine hutumia njia na mbinu za kufundishia kama visawe, wakati vyuo vingi huzichukua maswali na majibu, bungua bongo na igizo dhima kuwa mbinu zilizo ndani ya njia shirikishi. Kosa la namna hii katika utangulizi huweza kuipotosha insha nzima.

Inapendekezwa kwamba mwanachuo awe na daftari la istilahi ambamo kila istilahi inaandikwa maana, istilahi inayokaribiana nayo, na sentensi moja ya matumizi. Aidha, aepuke viendelezi vya mazungumzo kama vile “yaani” na “sana sana”, na kila baada ya kuandika asome kwa sauti ya chini ili azinase sentensi zilizokatika.

6.0 Muda na Mazoezi

Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 humpa mtahiniwa wastani wa dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la insha la alama 15 linastahili dakika 27, na maswali manne dakika 108. Anayetumia dakika 50 katika insha anayoipenda huwa ameikopa insha ya mwisho, na insha isiyoandikwa haina alama hata moja. Ni busara kutenga dakika 4 au 5 za mwanzo kwa kuandika mpango, kisha dakika 20 za kuandika na mbili za kupitia.

Kasi hii haipatikani siku ya mtihani. Hupatikana kwa kuandika insha moja au mbili kila wiki kwa saa iliyofungwa, bila kitini mezani, katika kipindi cha miezi mitatu au zaidi kabla ya mtihani. Wanachuo wabadilishane insha na kusahihishana kwa mgawanyo uliotajwa katika sehemu ya 4.0. Nyenzo nyingine yenye manufaa ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani, ambazo huonesha vielelezo vya majibu mazuri na dhaifu pamoja na sababu zake. Taarifa hizi zina faida kuliko majibu ya kukariri, kwa kuwa zinaonesha namna msahihishaji anavyoliona jibu.

7.0 Pingamizi

Baadhi ya wakufunzi husema kwamba insha haiwezi kumpima mwalimu, kwa sababu kufundisha ni kitendo. Wapo walimu wazuri darasani ambao huandika kwa taabu, na wapo waandishi wazuri ambao darasa huwashinda. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo maana mazoezi ya kufundisha hutathminiwa kwa upande wake. Hata hivyo, mwalimu hulazimika kila siku kulichagua jambo moja kuu la kipindi, kulifafanua kwa mpangilio na kulitolea mfano unaoeleweka. Kazi hizo tatu ndizo zinazoijenga aya. Kwa hiyo insha haioneshi namna mwalimu anavyosimama mbele ya darasa, bali inaonesha namna anavyofikiri kabla ya kusimama. Udhaifu mkubwa hujitokeza pale insha inapojibiwa kwa kukariri, kwa kuwa hapo haipimi hata hilo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba maandalizi ya insha katika mtihani wa ualimu yanahusu kutii kitenzi elekezi, kuikamilisha kila hoja kwa ufafanuzi na mfano, kutumia istilahi kwa usahihi na kuandika kwa kubanwa na muda. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ualimu vitenge vipindi vya kuandika na kusahihishana insha katika masomo yote, badala ya kuliachia jukumu hilo somo la Kiswahili pekee. Mwalimu tarajali anayekariri ili afaulu ataelekea kufundisha kwa kukaririsha, kwa sababu ndiyo namna pekee ya kujifunza aliyoizoea; na atakaoanza nao ni watoto wa Darasa la Kwanza.