Nani Alifungua Maswali?



Mashindano ya maswali ya televisheni hutegemea siri. Huko Marekani, mwaka 1956, watayarishaji wa Twenty-One walimpa Herbert Stempel majibu, kisha wakamwamuru ashindwe na Charles Van Doren. Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge; mwaka 1960 sheria ikakataza hila hiyo.

Siku hizi maswali hutunzwa katika programu ya kompyuta, pamoja na majibu na tarehe ya kutumika, yasirudiwe. Programu yaweza pia kuandika nani alifungua swali, na lini.

Basi tudai kila mfanyakazi awe na neno lake la siri. Tukitumia moja sote, siri ikivuja, lawama humwangukia karani mdogo.