Desturi za Nyumbani Zinazomlea Mtoto katika Furaha na Matumaini

Desturi ya familia ni jambo linalorudiwa kwa wakati wake, kila mtu nyumbani akijua kwamba linakuja. Mtoto hufurahi linapofika, na hufurahi pia katika kulingojea. Akiona ahadi ndogo zinatimizwa mara kwa mara, huzoea kuamini kwamba kesho nayo ina jema lake.

Desturi kongwe katika nyumba za Waswahili ni hadithi za usiku. Msimulizi huita "Paukwa!", watoto huitikia "Pakawa!", na tangu hapo nao huwa ni wenye hadithi. Sungura, mdogo asiye na nguvu, humshinda fisi na hata simba kwa akili. Bila kuhubiriwa, mtoto hujifunza kwamba shida ina njia ya kutokea.

Utani wa babu, bibi na wajukuu nao una kazi yake. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", wakachekana na kugombana kwa mzaha. Mtoto huzoea kucheka na mtu mzima bila woga wala kuvunja heshima.

Visa vya kweli vya ukoo vina uzito zaidi. Nchini Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao, kama vile wazazi walikutana wapi. Waliojua mengi walionekana kujiamini zaidi na kuhisi kwamba maisha yao yamo mikononi mwao. Siri haiko katika kukariri majibu, bali katika kuketi pamoja na kusimuliana. Visa vinavyofaa zaidi ni vile vyenye neema na dhiki: duka lililofilisika, kisha likafunguliwa upya.

Sikukuu hukamilisha mwaka. Idi ina nguo mpya na vijisenti vya watoto. Desemba, familia nyingi za Wachagga hurudi nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi. Mtoto akipewa kazi yake, hata ya kupeleka sahani kwa jirani, hujua kwamba furaha hutengenezwa na hugawiwa.

Anayetaka kuanza achague desturi moja isiyo na gharama, kwa mfano kila mmoja kutaja jema la siku wakati wa chakula. Mtoto mwenye huzuni asilazimishwe kucheka, asikilizwe kwanza. Desturi ndogo inayodumu ina faida kuliko sherehe kubwa ya mara moja.