Ujira wa Mchoraji wa Hina Katika Viwanja vya Sikukuu

Kila Idi inapoingia, katika viwanja vya sikukuu vya miji yetu ya pwani huonekana vibanda vya akina dada wanaochora hina na piko. Hatuzungumzii hapa al-washm, yaani kuchanja ngozi kwa sindano na kutia rangi isiyotoka; hiyo ni haramu, na ujira wake haujuzu. Maua ya hina hufutika baada ya muda, na kumchorea mwanamke mwenzako kwa malipo ni kazi halali. Tatizo liko kwenye bei.

Dada huketi, akanyoosha mikono, akachorwa hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyetaja bei. Kazi ikimalizika huambiwa shilingi elfu ishirini, naye alidhani ni elfu tano. Ugomvi huanzia hapo, na hina haiwezi kurudishwa kama nguo dukani.

Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), katika kitabu chake Minhaj at-Talibin, ameitaja mas-ala inayofanana kabisa na hii: mtu amempa fundi nguo, fundi akashona, na ujira haukutajwa. Kauli anayoitanguliza ni kwamba fundi hana ujira! Kisha anataja kauli ya kuwa anao, na nyingine ya kuwa anao ikiwa anajulikana kwa kazi hiyo ya malipo, na hii ya mwisho ameashiria kuwa huenda ikaonekana nzuri. Mwenye kibanda asiitegemee sana hii ya mwisho. Kwa kunyamaza, ameiweka haki yake mahali pa khitilafu.

Ama wakiambiana "tutaelewana" au "utaniridhisha", hukumu hubadilika. Malipo yamekwisha kuashiriwa ila kiasi hakijulikani, hivyo hustahiki ujira wa mithili, yaani kile wanacholipwa wenzake kwa mchoro kama ule. Hapati elfu ishirini kwa kuwa amezitaka.

Na hina ni ya nani? Katika kitabu hicho hicho imetajwa wino wa mwandishi, uzi wa fundi na wanja wa mtabibu wa macho: huangaliwa ada ya mahali, na ada ikiwa haiko wazi ni lazima itajwe. Piko nyeusi yenye dawa ya kutia rangi nywele huweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge. Anayeificha na kuiita hina amefanya ghishi, hata bei ikiwa ndogo.

Wengine husema kamati ya uwanja ipange bei moja. Bei zilipopanda Madina, Mtume (S.A.W.) aliombwa azipange akakataa, akihofia kumdhulumu mtu mali yake. Ash-Shafi'iyya wameshikilia hapo. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijria, sawa na 1328) aliruhusu pale wauzaji wanapohodhi au kuwabana watu. Kamati ikimpa mtu mmoja tu kibanda na kuwafukuza wenzake, basi maneno yake yana nafasi. Penye vibanda kumi, ubao wenye picha za michoro na bei zake unatosha.

Amebaki mtoto mwenye pesa za sikukuu mkononi. Mkataba wake mwenyewe hausihi katika madhehebu yetu, hata walii akimruhusu. Mwiteni mama yake kwanza, akubaliane bei, ndipo mchore.

Wallahu a'lam.