Pazia lifaalo Kitale huenda lisifae Bungoma

WENGI waendapo dukani kununua mapazia huanza na rangi. Huuliza iwapo kitambaa kitalandana na makochi, kisha huuliza bei, na papo hapo wakafungua mkoba.

Hata hivyo, pazia lina kazi zake kabla ya urembo. Huzuia jua, huhifadhi joto na kuwasitiri wenye nyumba. Lisipochaguliwa kwa uangalifu hushindwa kazi hizo zote na, katika baadhi ya nyumba, huweza kuhatarisha maisha.

Mfano mzuri ni miji ya Kitale na Bungoma. Umbali baina yake kwa barabara ipitayo Webuye haufiki kilomita 100, ila hali zake za hewa ni tofauti. Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bungoma iko karibu mita 1,400. Kwa kuwa hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda, tofauti hiyo pekee yatosha kuifanya Kitale iwe baridi zaidi kwa nyuzi tatu hivi.

Ndiyo maana mkazi anayehama kutoka mji mmoja hadi mwingine hapaswi kudhani kwamba mapazia yake ya zamani yatamfaa.

Kitale, adui mkuu ni baridi ya usiku na ya alfajiri. Nyumba nyingi zina madirisha ya fremu za chuma na kioo kimoja chembamba, na joto hupotea upesi kupitia hapo. Pazia zito lililotiwa bitana hunasa hewa kati yake na kioo, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto kutoroka.

Ili lifanye kazi hiyo, sharti pazia lipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, na lishuke karibu na sakafu. Pazia fupi linaloning'inia mbali na ukuta huacha hewa baridi ipenye pembeni na chini. Aidha, lifungwe kabla jua halijatua, wakati nyumba bado ina joto la mchana.

Lakini hapo ndipo palipo na hatari. Baridi inapozidi, baadhi ya familia huingiza jiko la makaa ndani, hufunga madirisha, huteremsha mapazia mazito na hata kuziba kwa matambara matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Aliyelala huivuta bila kujua, na huenda asiamke tena.

Kwa hivyo, yeyote anayenunua mapazia mazito kwa sababu ya baridi hana budi kufuata kanuni mbili: matundu ya hewa yasizibwe kamwe, na jiko lisilale chumbani pamoja na watu, hata likionekana limekuwa jivu. Blanketi la ziada ni salama kuliko makaa.

Bungoma mambo ni mengine. Huko joto huwa kali zaidi, na kaunti hiyo ni miongoni mwa zile za magharibi mwa Kenya ambako malaria imekita mizizi. Ilikuwa mojawapo ya kaunti nane zilizoteuliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza nchini mwaka 2019.

Katika mazingira hayo, wengi huangika shia, yaani kile kitambaa chepesi kipitishacho mwanga, wakiamini kwamba ni kinga dhidi ya mbu. Hilo ni kosa. Shia huangikwa ikiwa wazi pembeni na chini, na mbu hahitaji mlango mkubwa kuliko huo. Mbu hupenda pia kutulia mahali penye giza, na mikunjo ya pazia zito huweza kumpa maficho ya mchana kutwa.

Ni kweli kwamba mapazia yamewahi kutumiwa kupambana na malaria. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba mapazia na vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrin vilisaidia kupunguza maambukizi. Lakini siri ilikuwa ni dawa. Pazia la kawaida kutoka dukani halina uwezo huo.

Mwenye nyumba wa Bungoma anayetaka kujikinga angetanguliza wavu wa waya uliopigiliwa vyema kwenye fremu, kisha azibe kwa wavu uwazi ulio kati ya ukuta na paa, kwani mbu wengi hupitia hapo. Pazia lifuate baadaye, liwe jepesi na rahisi kufua. Na hata baada ya hayo yote, kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Kuhusu jua, miji yote miwili iko karibu mno na ikweta, upande wa kaskazini. Mchana jua hupita karibu na utosi, na madirisha yanayoteseka zaidi ni yale yanayotazama mashariki na magharibi. Dirisha la magharibi hupigwa na jua kali la alasiri, ambalo huchakaza kitambaa na kupausha rangi zilizokolea.

Dirisha kama hilo lafaa bitana nyeupe upande unaotazama kioo, ili sehemu ya mwanga irudishwe nje. Ikiwezekana, kivuli kiwe nje kabisa, kwa mti au baraza, kwa maana joto likishavuka kioo limekwisha kuingia nyumbani.

Hatua inayofuata ni vipimo. Kanuni ya mafundi ni kwamba upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya urefu wa fimbo, ili pazia liwe na marinda hata likifungwa.

Mathalani, dirisha lenye upana wa sentimita 150 litahitaji fimbo ya sentimita 180, na kwa hivyo kitambaa cha sentimita 360. Ikiwa kutoka kwenye fimbo hadi chini ni sentimita 220, ongeza 20 za pindo, iwe 240. Kitambaa chenye upana wa sentimita 280 chaweza kulazwa ubavu, na mita nne zitatosha pamoja na pindo za pembeni. Kile cha sentimita 140 kitahitaji vipande vitatu vya sentimita 240, yaani mita 7.2. Bei ya mita moja pekee, basi, haimwambii mnunuzi kitambaa kipi ndicho nafuu.

Pamba huweza kurudi inapofuliwa, na ni busara kuifua kabla ya kumpelekea fundi. Poliesta hukauka haraka msimu wa mvua, lakini hushika moto na kuyeyuka juu ya ngozi. Kwa wapangaji wa chumba kimoja wanaotenganisha kitanda na jikoni kwa pazia, jambo hilo si dogo. Pazia hilo lifungwe kwa kamba kila mara jiko, koroboi au mshumaa unapowashwa.

Anayenunua mitumba ayainue mapazia juu na kuyatazama dhidi ya mwanga. Jua likiwa limekwisha kulila pazia, nyuzi huonekana zimelegea, na litachanika katika ufuaji wa kwanza.

Wapo pia wanaopendelea mapazia ya vibamba, kama yale ya ofisini. Hayo huongoza mwanga vizuri na hayachukui nafasi, ila hukusanya vumbi na kamba zake ni hatari kwa watoto wadogo, wanaoweza kunyongwa nazo. Kamba zifungwe juu, na kitanda cha mtoto kisiwekwe kando ya dirisha.

Baada ya kuyapima hayo yote, mnunuzi sasa anaweza kuuliza habari ya rangi.