Je, Mswahili aweza kuishi bila ya nyama?

MWAMBIE Mswahili wa Pwani kwamba umeacha kula nyama, naye atakuuliza swali moja: "Daktari amekukataza?" Ukimjibu la, atakutazama kidogo, kisha atauliza la pili kwa sauti ya chini: "Au mambo yamekuwa mazito?" Swali la tatu halimjii. Kwetu sisi mtu huacha nyama kwa maradhi au kwa ufukara, basi. Ama kwamba mtu mzima mwenye senti zake mfukoni aweza kuiacha kwa hiari yake, hilo huonekana ni kichekesho, na pengine ni kufuru.

Mimi mwenyewe nimeulizwa maswali hayo mara nyingi, na sina budi kukiri, ndugu msomaji, kwamba la kwanza lilikuwa na ukweli wake. Miaka sita iliyopita kidole gumba cha mguu kilinivimba usiku mmoja hata uzito wa shuka sikuweza kuustahamili. Nilikuwa nimepatwa na jongo. Daktari akaniambia nipunguze nyama nyekundu, maini na dagaa, kwani vitu hivyo huongeza asidi katika damu, na asidi hiyo hujikusanya maungoni ikawa kama vipande vya chupa. Nikapunguza, maumivu yakaenda zake. Lakini nilipokuwa nikiipunguza nikaanza kuifikiria nyama nisivyopata kuifikiria maisha yangu yote. Mwaka ule mbuzi wa Idi alifungwa uani kwetu siku nne, akazoeana na wajukuu hata akawa akiwafuata mlangoni. Siku ya kumchinja nilishika kisu kama nilivyoshika miaka thelathini. Mkono haukutetemeka, ila sahani yangu sikuimaliza.

Lililo gumu kwetu limo katika lugha yenyewe. Mwanamume akirudi nyumbani adhuhuri huuliza, "Leo kitoweo ni nini?" Akijibiwa ni kolekole, au kuku, au nyama ya mbuzi, hunawa mikono. Akijibiwa ni pojo, husema, "Aa, kwa hivyo leo hakuna kitoweo." Pojo imo chunguni, imeungwa kwa tui na bizari, inanukia hadi barazani, lakini haihesabiwi. Na nyumba ambayo majirani hawajasikia harufu ya nyama kwa wiki mbili huanza kusemwa. Basi atakaye kuacha nyama ajue kwamba atakachokitetea kwanza ni heshima ya nyumba yake. Tumbo halina shida.

Na kwa hakika tumbo halina shida, kwani Mswahili hula chakula kisicho na mnyama kila siku bila ya kujua. Chukua staftahi yetu: mahamri yaliyokandwa kwa tui, hamira na hiliki, pamoja na mbaazi za nazi. Hamna nyama humo, hamna maziwa, hamna yai. Ongeza viazi vya karai, bajia za kunde, muhogo wa nazi, mchicha, kisamvu, mchunga wa ndugu zetu Wamijikenda ambao uchungu wake ndio utamu wake, maharagwe, mabiringani, bamia, na kashata za njugu. Kahawa ya barazani hainywewi na maziwa hata siku moja. Wazungu wanaoacha nyama huhangaika kutafuta kitu cha kushika mahali pa maziwa na siagi, na hununua kwa bei ya kutisha. Sisi nazi imo jikoni tangu enzi za mababu.

Hao Wazungu, wale wasiogusa chochote kitokacho kwa mnyama, huitwa vigani. Jina hilo lilitungwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, waliojitenga na wala mboga wa kawaida kwa sababu hao walikuwa wakinywa maziwa na kula mayai. Ndiyo maana watu wetu hudhani jambo hili ni la kizungu. Lakini miaka 900 kabla ya Watson alikuwapo Shamu mshairi kipofu, Abul Ala al-Maarri, aliyezaliwa 973 na kufariki 1057. Ndui ilimpofua angali mtoto. Alipofikia miaka 30 hivi aliacha nyama, na baadaye maziwa, mayai, hata asali, akiona kwamba maziwa ni haki ya ndama na asali ni jasho la nyuki. Habari zake zikamfikia mjumbe mkuu wa Wafatimi wa Misri, naye akamwandikia kumtaka sababu: vipi anajinyima alichohalalishiwa? Mzee akajibu kwa adabu kwamba mnyama huhisi maumivu. Tena, akasema, pato lake kwa mwaka ni dinari ishirini na kitu, na mtumishi wake huchukua sehemu yake humo, hivyo kunde na dengu zamtosha. Mjumbe akataka kumfanyia mpango wa riziki nono zaidi, naye akakataa. Itikadi ya Maarri ilitiliwa shaka na wengi tangu zama zake, na mwaka 2013 wapiganaji walilikata kichwa sanamu lake huko kwao Maarra. Simtoi hapa kama imamu wa kufuatwa. Namtoa ili ijulikane kwamba mjadala huu umekwisha kufanywa kwa Kiarabu, na kwa hoja nzito kuliko tunazotupiana barazani.

Tukija kwenye dini, jambo moja si la kufanyiwa mzaha. Kurani imewakataza waumini kujiharamishia mazuri waliyohalalishiwa, na Sura ya Tahrim inaanza kwa jambo hilo hilo. Mtume (s.a.w.) alikula nyama, na mkono wa mbuzi ndio aliokuwa akiupenda. Basi mtu akisema nyama ni haramu, au kwamba mlaji ni mwenye dhambi, amekosea, na mashekhe wana haki ya kumkemea. Lakini kuacha kitu si kukiharamisha. Mimi sili bamia tangu utotoni na hakuna shekhe aliyeniita mzushi! Tena tusisahau kwamba nyumba ya Mtume ilipitisha miezi bila ya moto kuwashwa, chakula kikiwa ni tende na maji, na kwamba Imamu Malik katika Muwatta amepokea habari za Sayyidna Umar akiwaonya watu wasiizoee nyama, akaifananisha tamaa yake na tamaa ya ulevi. Tulao nyama mchana na usiku kisha tukatoa hoja ya sunna, tujiulize ni sunna ipi hasa tuifuatayo. Na aliyesoma habari za wanyama katika Uislamu amjua Al-Hafiz Masri, imamu wa zamani wa Msikiti wa Shah Jehan mjini Woking, Uingereza, ambaye kitabu chake cha mwaka 1989 kimekusanya aya na hadithi za kuwahurumia wanyama, na kulalamikia jinsi wanavyofugwa na kuchinjwa leo katika viwanda vya nyama.

Sasa niseme nilivyofanya, maana wengi huuliza. Sikuacha kwa siku moja. Aachaye kwa siku moja hurudi kwa siku mbili. Nilianza na Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo wengine hufunga sunna, nikawa nafuturu kwa uji, viazi vitamu na mbaazi. Baada ya miezi michache nyama ya ng'ombe ikaondoka, kisha ya mbuzi. Kuku sikumkumbuka sana; kuku wa siku hizi ni maji matupu. Samaki ndiye aliyenitoa jasho. Mtu aliyekulia Pwani, akapita sokoni alfajiri akaona changu na tafi wangali wanang'aa, kisha akaondoka na fungu la mchicha, ajue amepigana jihadi. Ilinichukua miaka miwili. Samli nikaiacha bila ya shida, ila chai ya maziwa bado naiota. Nanywa ya mkandaa, na ndimu.

Mke wangu hakunifuata, wala sikumtaka anifuate. Lakini aliniambia siku za mwanzo, "Mimi sipiki vyungu viwili." Alikuwa na haki. Wanaume tunapopata wazo jipya mzigo wake huangukia jikoni. Nikaamua kuchukua kazi ya nazi. Jirani mmoja alipochungulia akanikuta nimekalia mbuzi nakuna, alicheka mpaka akashika ukuta, na mke wangu akamwambia, "Mwache, shoga. Ameacha mbuzi wa nyama kashika wa mti." Maneno hayo yamezunguka mtaa mzima.

Ya jikoni yalikuwa ya kucheka. Ya sinia hayakuwa. Binti yangu alipojifungua mtoto wa kike, upande wa kuumeni walichinja mbuzi wa akika, wakatualika. Nikaketishwa sinia moja na babake mkwe wangu, mzee wa heshima zake. Msomaji wajua desturi: mwenyeji akaumega mnofu mzuri kabisa akanisogezea upande wangu wa pilau. Nikasema, "Samahani, bwana, mimi nimeacha nyama." Sinia zima likanyamaza. Akauliza polepole, "Kwani nyama yetu ina nini?" Hapo nikaelewa alivyoelewa: kwamba naitilia shaka nyama yake, au mchinjaji wake, au mapato yake. Nilijaribu kueleza, na kila neno lilizidisha ubaya. Jioni binti yangu akanipigia simu akilia. "Baba, umenitia aibu ukweni."

Ijumaa iliyofuata nilimngoja mzee huyo nje ya msikiti, nikamweleza yote, ya jongo na ya mbuzi wa Idi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bwana, mambo haya mtu huambiwa kabla ya sinia. Haambiwi juu ya sinia. Ungeniambia siku mbili mbele, ningekupikia mbaazi." Tangu siku hiyo, kila nikialikwa, hupeleka habari mapema. Binti yangu alichukua zaidi ya miezi miwili kunisamehe.

Kuna hatari moja ambayo wanaoisifu njia hii huipitia mbiombio. Vitamini B12 haipatikani katika mboga wala katika kunde. Hutengenezwa na vijidudu, nasi huipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mwili huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hivyo aliyeacha hujiona mzima, akajisifu, kumbe akiba inakwisha. Kisha huja upungufu wa damu, na ganzi ya miguu na mikono ambayo ikikawia kutibiwa huenda isiondoke. Aachaye vitu hivi vyote hana budi kumeza vidonge vya B12 au kula chakula kilichotiwa vitamini hiyo. Mwenye mimba na anyonyeshaye wasianze kabla ya kumwona daktari. Ama madini ya chuma, yamo katika kunde na mboga za majani, na ndimu au embe husaidia mwili kuyapokea. Chai inywewayo papo hapo baada ya chakula huyazuia. Basi tabia yetu ya kusukumia wali kwa chai ni ya kuachwa, hata na walao nyama.

Na ukaguzi wa vibandiko dukani, ambao vigani wa Ulaya huuona kazi kubwa, sisi tumeuzoea zamani. Nani kati yetu hajageuza paketi ya peremende kutafuta kama jelatini imetokana na nguruwe?

Nikubali kwamba mimi si vigani kamili, na wao wasingenipokea. Asali sijaiacha, na makubadhi yangu ni ya ngozi. Idi ilinitaabisha zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi udhuhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo, na sikutaka kuivunja kwa ajili ya ulimi wangu tu. Lakini ni sunna vile vile mchinjaji aonje kidogo. Nikamwendea maalimu wangu. Akanifahamisha kwamba mtu akiitia udhuhiya yake nadhiri, huwa ni wajibu, na hapo yeye mwenyewe hana ruhusa ya kula hata kipande. Yote huwa ya mafukara. Mwaka jana nikaweka nadhiri. Mbuzi alichinjwa, nyama ikagawiwa mbichi kabla ya adhuhuri, nyumba nane. Mke wangu alininunia kidogo, maana nadhiri yangu ilimnyima yeye pia. Mwaka huu ameniambia atachinja wa kwake.