Rangi Haizibi Tundu

Soma: Mwanzo 6:13-16, Mathayo 23:25-28



Nilikwenda Dimani, wilayani Kibiti, kuwasalimu jamaa zangu, nikakuta dau limefudikizwa uani chini ya mwembe. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa amelipaka rangi ya samawati, likang'aa. Alitaka lirudi majini upesi, apate nauli za watu wanaokwenda vijiji vya delta, ambako mto Rufiji unagawanyika katikati ya mikoko na chombo ndiyo barabara.

Babu yake, fundi wa siku nyingi, alilizunguka kimya. Akachomoa kisu, akakibonyeza penye ubao uliong'aa kuliko zote. Kikazama mpaka mpinini.

"Babu, umeniharibia rangi!"

"Mjukuu wangu, nimekuokolea watu. Dada yako mjamzito si atakwenda kliniki kwa dau hili? Angekaa hapa hapa."

Kijana akanyamaza.

Mzee akatueleza. Yuko mdudu wa baharini anayekula mbao. Huingia akiwa mchanga, kwa tundu dogo ambalo jicho halilioni, kisha hukua humo ndani akichimba. Kwa nje ubao ni mzima, kwa ndani umekuwa kama sega la nyuki. Dawa yake si rangi. Chombo hutolewa majini, kikakwanguliwa, kikachomwa kwa moto wa makuti chini yake ili mdudu afe. Ubao uliooza hung'olewa. Kisha viungo hutiwa kalafati, pamba yenye mafuta ikishindiliwa mshono kwa mshono, na mwisho chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Kijana akanung'unika kwamba angekuwa na boti ya alumini angeisugua tu kama sufuria, basi. Lakini hata alumini ina siri yake. Ule utando uliofifia juu yake ndio unaoikinga. Na ukiipaka moja kwa moja rangi yenye shaba, ile inayofaa kwenye mbao, maji ya chumvi yataila taratibu chini ya rangi hiyo nzuri. Kung'aa si kupona.

Wapendwa, Mungu alipomwagiza Nuhu kutengeneza safina, alimwambia aipake lami ndani na nje. Hakutaja rangi. Gharika haikuja kutazama uzuri wa safina, ilikuja kutafuta tundu. Naye Bwana Yesu aliwaonya Mafarisayo waliosafisha kikombe kwa nje na kuacha uchafu ndani. Akawaambia waanze na ndani.

Nilirudi nyumbani kisu kile kikiwa kimenichoma mimi. Kila Jumapili nakaa kiti cha mbele, suti imepigwa pasi, bahasha ya sadaka mkononi. Lakini tangu tulipogawana shamba la marehemu baba, sijazungumza na mdogo wangu. Ni miaka sita. Kanisani hakuna anayejua. Watoto wangu wanajua, nao ndio abiria wa chombo changu.

Toba ni moto wa makuti: unachoma, lakini haukusudii kuteketeza dau. Na msamaha ni kalafati: haumwagwi kwa siku moja, hushindiliwa mshono kwa mshono. Jumatatu nilimpigia simu mdogo wangu. Hakupokea. Jumanne nikapiga tena. Akapokea, akasema, "Shikamoo kaka," kisha tukanyamaza wote wawili. Ni mshono mmoja tu, lakini umeanza kuziba.

Nawe, kabla hujapiga pasi nguo ya ibada leo, jibonyeze pale unapong'aa zaidi. Kisu kikizama, usikimbilie kopo la rangi. Mwite Fundi.

Tuombe: Bwana, tupandishe nchi kavu, utuchunguze, ututengeneze ndani na nje, ili wanaosafiri nasi wafike salama. Amina.