Kilango Kinachojifunga: Vali za Majiko ya Gesi na Utata wa Neno "Otomatiki"

Mteja anayeingia katika duka la vyombo vya nyumbani kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, kati ya mzunguko wa Makupa na Mwembe Tayari, hukutana na neno linalouza majiko pengine kuliko bei yenyewe: otomatiki. "Hili ni otomatiki, mama, wabonyeza tu," husema muuzaji, na cheche hulia pale pale. Mteja huondoka akiamini kuwa amenunua jiko linalojilinda. Mara nyingi alichonunua ni jiko linalojiwasha. Kati ya kujiwasha na kujilinda pana umbali mkubwa, na katika chumba kimoja chenye mtungi, kitanda na watoto, umbali huo si suala la msamiati peke yake. Makala haya yanakusudia kueleza namna gesi inavyodhibitiwa njiani kutoka mtungini hadi kwenye mwali, kisha kutazama jinsi Kiswahili kinavyoweza kuvitaja vifaa vinavyoifanya kazi hiyo bila kuvichanganya.

Mombasa ina sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ng'ambo tu ya Makupa, kilianza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Tangu hapo gesi ya mitungi inayotumika nchini Kenya ni ya kuagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa yake hushushwa katika bandari ya Mombasa. Mitaa ya Makupa na Majengo ina nyumba nyingi za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambamo kila chumba huweza kuwa na mpangaji wake na jiko lake. Makaa yalipopanda bei, hasa baada ya marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018, mtungi uliingia mahali ambapo hapo awali palikuwa na seredani.

Mtungi huo una gesi iliyogeuzwa kuwa kioevu kwa kushindiliwa. Katika joto la pwani, shinikizo la ndani huwa mara kadhaa ya shinikizo la hewa ya kawaida. Gesi ikitoka kwa nguvu hiyo moja kwa moja hadi kwenye jiko la kawaida la mezani, mwali ungeruka na kuzimika, au ungekuwa mkubwa wa kutisha. Kwa hiyo juu ya mtungi mkubwa hufungwa kifaa ambacho mafundi na akina mama wa nyumbani hukiita regulata. Kazi yake ni kupunguza shinikizo hadi kiasi cha milibari 30 hivi, na kulidumisha hapo hata mtungi unapoelekea kwisha.

Inafaa kukaa kidogo kwenye regulata, kwa kuwa ndiyo vali ya kujiendesha iliyo ya kawaida zaidi majumbani, ingawa ni wachache wanaoiita hivyo. Ndani yake mna utando wa mpira uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Lugha ya Kiswahili imelipatia jambo hili neno zuri kabisa, kiwambo, kutokana na kitenzi wamba, na hapana haja ya kulitafutia jingine. Upande mmoja wa kiwambo pana springi inayokisukuma. Upande wa pili pana gesi. Jiko likifunguliwa zaidi, shinikizo la gesi chini ya kiwambo hupungua, springi hukisukuma kiwambo, nacho huifungua njia kidogo ili gesi nyingi zaidi ipite. Jiko likipunguzwa, gesi hujaa, kiwambo huinuliwa, na njia huzibwa. Kazi hii huendelea muda wote wa kupika bila mkono wa mtu, bila umeme na bila sauti.

Lakini regulata huhisi shinikizo tu. Haijui kama juu ya jiko pana moto au hapana. Upepo wa kusi ukiingia dirishani na kuuzima mwali, au uji ukifurika na kuuzamisha, gesi huendelea kutoka kwa kipimo kile kile kilichopangwa, kwa uaminifu kamili. Hapa ndipo imani iliyoenea, kwamba "regulata itakata gesi yenyewe", inapokuwa ya hatari. Zipo regulata zilizotengenezwa kukata gesi pale mpira unapokatika na gesi kutoka kwa kasi isiyo ya kawaida. Ila mwali uliozimika hauongezi kasi hiyo hata kidogo, kwa hiyo nazo haziwezi kuugundua.

Gesi hiyo iliyotoka bila kuungua huenda wapi? Ni nzito kuliko hewa. Propeni ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na buteni karibu mara mbili. Haipandi ikatoka kwenye tundu la juu ya mlango. Hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda na kwenye pembe za chumba. Ikifikia takriban sehemu mbili katika kila sehemu mia za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Yenyewe haina harufu ya kutegemewa. Harufu ile mbaya inayojulikana na wote ni ya kemikali inayotiwa makusudi ili pua iwahi kujua. Anayelala, bila shaka, hanusi vyema.

Kifaa cha pili ni kiwashio. Hiki ndicho wauzaji wengi wanachomaanisha kwa "otomatiki": kijiwe kinachogongwa ndani ya kishikio, au betri ndogo, hutoa cheche karibu na kichwa cha jiko, yaani bana. Kiwashio humwondolea mpishi haja ya kiberiti, na hapo kazi yake hukoma. Hakidhibiti gesi kwa namna yoyote. Tena, kiwashio kilichochoka, kinachobonyezwa mara tano au sita kabla ya kushika huku gesi ikitoka, ni kibaya kuliko kiberiti kilichowashwa mapema.

Kifaa cha tatu ndicho kinachostahili kuitwa mlinzi. Ukitazama kwa makini bana ya jiko lililonacho, utaona vijiti viwili vyembamba vimesimama kando yake. Kimoja ni cha cheche. Cha pili, kinachoguswa na mwali wenyewe, ni themokapo: metali mbili za aina tofauti zilizounganishwa nchani. Mwaka 1821 mwanasayansi Thomas Johann Seebeck aligundua kuwa kiungo cha metali mbili kikitiwa joto na ncha nyingine zikabaki baridi, athari ya kiumeme hutokea. Katika jiko umeme huo ni mdogo mno, kiasi cha milivolti ishirini au thelathini, usioweza kuwasha hata taa ndogo kabisa. Hata hivyo unatosha kuipa nguvu sumaku-umeme iliyo ndani ya vali, nayo sumaku hukishikilia kifuniko kisirudi mahali pake. Nyuma ya kifuniko pana springi inayokisukuma daima kuelekea kufunga. Mwali ukiwapo, sumaku inashinda. Mwali ukizimika, themokapo hupoa, umeme hukatika, sumaku hulegea, na springi hufunga njia ya gesi.

Yaani mlango hushikwa wazi na moto wenyewe.

Jambo moja katika utaratibu huu huwasumbua watumiaji, nalo likielezwa vibaya huwafanya wamwite fundi bure. Umeme wa themokapo unaweza kushikilia kifuniko, lakini hauwezi kukivuta. Kukishika kitu kilichokwisha kuguswa na sumaku ni kazi nyepesi. Kukivuta kutoka mbali ni kazi nzito. Kwa sababu hiyo mpishi hana budi kukikandamiza kishikio kwa mkono, kuwasha, kisha kuendelea kukikandamiza kwa sekunde chache hadi themokapo ipate moto. Anayekiachilia mapema huona moto umezimika na kudhani kuwa jiko ni bovu. Si bovu, linafanya lile lililonunuliwa kufanya. Kufunga nako huchukua muda, kwa kuwa metali haipoi papo hapo: sekunde kadhaa, na wakati mwingine dakika moja au zaidi kidogo.

Sasa tuje kwenye jina. "Vali" ni neno lililokwisha kukubalika. Wanafunzi wa biolojia hulitumia kwa vali za moyo, na katika karakana za magari husikika pia kama "valvu". Hakuna sababu ya kulikataa. Tatizo ni sifa inayofuata. "Vali otomatiki" haisemi kitu, kwa maana regulata nayo ni vali na nayo ni otomatiki, ilhali kazi zao hazifanani. "Vali ya kujiendesha" inazidi kupotosha, kwa sababu kifaa hiki hakijiendeshi pande zote. Hujifunga, hakijifungui kamwe. Na usalama wake wote umo katika upungufu huo: kingekuwa na uwezo wa kujifungua, kingeweza kumwaga gesi katika chumba kisicho na mtu.

Hapo pia ndipo mofolojia inapomtegea mfasiri asiye mwangalifu. Kiambishi -ji- pamoja na kitenzi funga hutoa jifunga, na maana inabaki karibu na ile inayotakiwa. Ukiongeza -u- ya kutendua, ile ile inayozaa zibua kutokana na ziba, unapata jifungua, na mara moja umetoka jikoni na kuingia wodi ya wazazi. Maelezo yenye "vali inayojifungua" yangeleta kicheko, na kicheko hakifai katika onyo la hatari. Mfasiri atakayehitaji upande huo wa kitendo afadhali aseme "inayofunguliwa kwa mkono", ambayo, kwa bahati njema, ndiyo kweli ya kifaa hiki.

Mtego mwingine upo katika neno mwali. Mwali wa moto uko katika ngeli ya mti, na wingi wake ni miali. Mwali wa unyagoni ni mtu, na hupatanishwa kama mtu. "Vali ya mwali" peke yake, bila kitenzi cha kuonyesha upatanisho, inaacha mlango wazi kwa fasiri zote mbili. Wapo watakaopendelea "ulimi wa moto", ambao ni Kiswahili fasaha lakini una harufu ya utenzi zaidi ya karakana. Pengine neno moto lenyewe latosha.

Kwa mtazamo wa makala haya, istilahi iliyo wazi zaidi ni kilango cha moto, kwa maana ya kilango kinachoshikwa wazi na moto na kujifunga moto unapokosekana. Kilango si neno geni Makupa, mahali ambapo penyewe pamekuwa kilango cha kisiwa. Kabla ya tuta, watu walivuka hapo kwa miguu maji yalipokupwa, na Wareno walijenga vijingome kulinda kivuko hicho. Tuta la mwaka 1929 liliwafungulia njia wasafiri lakini likauziba mkondo wa bahari kati ya hori ya Tudor na ile ya Port Reitz, hadi madaraja yaliyokamilika mwaka 2022 yalipoyapa maji njia tena. Mwenyeji wa hapo hahitaji kufundishwa kuwa kilango huamua nani apite na nani asipite.

Vifaa vilivyosalia vyaweza kupitiwa kwa haraka. Katika oveni za kuokea mikate mna themostati, ambayo hupunguza gesi joto linapofikia kiwango kilichowekwa: kichupa chenye kimiminika hutanuka kwa joto na kusukuma kiwambo kidogo. Hii ni vali ya joto, nayo isidhaniwe kuwa kilango cha moto. Katika matanuri makubwa hutumika vali za solenoidi, ambazo huhitaji umeme ili kubaki wazi, kwa hiyo stima zikipotea nazo hufunga.

Linabaki lile jiko ambalo wakaazi wengi wa Makupa wanalo hasa: meko, bana inayofungwa kwa skrubu juu ya mtungi wa kilo 6. Kwa kawaida halina themokapo wala regulata. Lina kishikio kimoja cha kuzungusha, na mlinzi wake ni mkono na macho ya mpishi. Kanuni za serikali za mwaka 2009 zililazimisha vali za mitungi midogo zilingane, baada ya miaka ambayo regulata ya kampuni moja haikuingia kwenye mtungi wa nyingine. Hatua hiyo ilimfaa mnunuzi sana. Lakini ilihusu mdomo wa mtungi, si bana, na meko likizimwa na upepo usiku huendelea kutoa gesi kama siku zote. Mwenye meko hana budi kukifunga kishikio kila anapoondoka, hata kama ni kwenda mlangoni kumlipa mwuza maji.

Kwa mwenye jiko la mezani aliyeambiwa dukani kuwa lake ni otomatiki, lipo jaribio linalomaliza ubishi. Madirisha na milango vifunguliwe, na pasiwe na moto mwingine karibu. Bana moja iwashwe kwa dakika mbili au tatu, kisha mwali upulizwe uzimike huku kishikio kikiachwa wazi. Kama kilango kipo na ni kizima, mlio mdogo wa "tik" utasikika ndani ya jiko muda si mrefu, nao mvumo wa gesi utakoma. Dakika moja na nusu ikipita bila mlio, kishikio kifungwe kwa mkono.